Ukweli wa Uzi Mmoja

Baadhi ya wasomaji wetu huenda wakastaajabu kuona katika kurasa hizi, zilizozoea habari za sala na zaka na malezi ya watoto, maneno juu ya ndege ya mfano na uzi wake wa antena. Twawaomba wasiharakishe kuufunua ukurasa. Jambo dogo mara nyingi ni mlango wa jambo kubwa. Na uzi huu, ambao ni mwembamba kuliko unywele, umetuketisha nyumbani kwetu jioni nyingi baada ya sala ya Isha tukiulizana swali ambalo kila Mwislamu yampasa kujiuliza kabla ya kufungua kinywa chake: Haya niyasemayo nimeyajuaje?

Mpwa wetu, kijana wa miaka 15, amependa kazi ya kuunda ndege za mfano. Ndege hizo huuzwa katika kasha, vipande vyake vya plastiki vimeshikamana na vijiti kama matunda na matawi. Mwenye kuunda huvikata kimoja kimoja, huvisugua kwa msasa, huviunga kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Kipimo alichochagua ni cha moja kwa 72, yaani kila sentimita 72 za ndege ya kweli huwa sentimita moja mezani. Ndege aliyoichagua ni Spitfire ya aina ya kwanza, ndege ya vita ya Waingereza. Mabawa yake yalikuwa mita 11.23 toka ncha hata ncha. Kwa kipimo hicho hayafiki sentimita 16.

Wako watakaouliza kama kazi hii yafaa kwa kijana wa Kiislamu. Ndege si kiumbe chenye roho, wala kuunda mfano wake si kama kuchonga sanamu ya mtu. Katika kasha kulikuwa na rubani mdogo wa plastiki. Mpwa wetu, kwa hiari yake, alimwacha katika kijiti chake, akaunda kiti kitupu. Nasi tuliona kuwa kijana anayekaa kwake jioni na kibano na msasa mkononi, akasoma na kupima na kuuliza, yu katika hali bora kuliko anayezurura barazani akisikiliza yasiyomfaa.

Sababu ya kuchagua ndege hiyo ilikuwa ni jina. Katika jeshi la anga la Uingereza kilikuwako kikosi Na. 152, kilichoitwa kikosi cha Hyderabad. Hyderabad ilikuwa dola kubwa katika India, na mtawala wake, Nizamu Mir Osman Ali Khan, Mwislamu aliyetawala tangu mwaka 1911 hata 1948, alikuwa katika matajiri wakubwa wa ulimwengu wa zama zake. Katika Vita Kuu ya Kwanza mali yake ilinunua ndege za aina ya DH.9A za kikosi Na. 110, mwaka 1918. Ilipokuja vita ya pili, kikosi Na. 152 kilichoundwa upya mwezi wa Oktoba 1939 kilipewa jina la Hyderabad, na katika nembo yake kikachorwa kilemba cha Nizamu. Julai 1940 kikosi hicho kilihamia kiwanja cha Warmwell, kusini mwa Uingereza katika jimbo la Dorset, kikawa kikilinda pwani na bandari ya manowari ya Portland. Mpwa wetu alisoma habari hizo akafurahi kuona kilemba cha Mwislamu katika nembo ya ndege, akaamua kuunda moja ya ndege hizo kama ilivyokuwa hasa.

Neno hilo "kama ilivyokuwa hasa" ndilo lililoleta kazi yote.

Alipofika kwenye antena, alisimama. Mlingoti mdogo wa antena ulikuwamo kashani, lakini uzi haukuwamo, na karatasi ya maelekezo haikusema lolote juu yake. Akatazama picha. Katika picha moja aliuona uzi umefungwa toka mlingoti ulio nyuma ya rubani mpaka juu ya usukani wa mkia. Katika ya pili aliuona mlingoti peke yake bila ya uzi. Katika ya tatu hakuona uzi juu ya mgongo wa ndege, bali nyuzi mbili zimetoka ubavuni, kulia na kushoto, zikaenda kwenye ncha za mabawa madogo ya mkia. Picha tatu, ndege za aina moja, na kila picha yasema jambo lake. Ndipo akatujia na kutuuliza, "Mjomba, ipi ndiyo ya kweli?"

Jawabu ni kwamba zote tatu ni za kweli, lakini kila moja kwa wakati wake. Na ili kuujua wakati, sharti kwanza kujua sababu. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya kueleza kidogo habari ya simu ya upepo, kwa lugha ya nyumbani.

Mawimbi ya simu ya upepo yana urefu, na antena hutakiwa ilingane na urefu huo kadiri iwezekanavyo. Simu iliyokuwa ndani ya Spitfire za kwanza iliitwa TR 9D. Mawimbi yake yalikuwa marefu, kama mita 45 hata 70. Ndege yenyewe haikufika mita 10, basi antena ya kulingana na mawimbi hayo isingeweza kupatikana. Ikabidi ufungwe uzi mrefu kadiri mwili wa ndege ulivyoruhusu, toka mlingotini hata mkiani. Pamoja na hayo simu hiyo ilikuwa dhaifu. Sauti ilikwaruza, ikapotea, na rubani aliyekwenda mbali hakusikika tena.

Tena uzi huo ulikuwa na kazi nyingine iliyomgusa mpwa wetu kuliko kazi ya maneno. Waingereza walikuwa na rada pwani ya kuwaona adui wakija kutoka baharini, lakini ndege zao wenyewe zikisha kuwa juu ya nchi kavu walihitaji njia nyingine ya kujua ziko wapi. Ukatiwa katika simu mtambo wa saa, nao katika kila dakika ulituma mlio kwa muda wa sekunde 14. Vituo vya chini viliusikiliza mlio ule kutoka pande mbalimbali, vikapiga mistari juu ya ramani, na pale mistari ilipokatana ndipo ilipokuwa ndege. Katika sekunde zile 14 rubani hakuweza kusema wala kusikia. Basi mtu huyo aliyekuwa peke yake juu ya mawingu, katika kila dakika alinyamazishwa robo yake, ili wenziwe walio chini wapate kujua yuko wapi. Uzi ule ndio uliokuwa kamba baina yake na nchi.

Kisha ikaja simu mpya, TR 1133, ya mawimbi mafupi. Ilijaribiwa katika ndege za Spitfire huko Duxford mwezi wa Oktoba 1939, na walioijaribu wakaona tofauti kama ya usiku na mchana: sauti safi, na masafa makubwa zaidi. Mawimbi yake yalikuwa kama mita tatu tu, na robo ya mita tatu ni sentimita 75. Antena ya urefu huo hutosha ndani ya mlingoti wenyewe. Uzi haukuhitajiwa tena, ukaondolewa. Lakini mitambo ilikuwa haba, na vikosi havikuipata siku moja. Vingine viliipata mwisho wa kiangazi cha 1940, vingine baada ya hapo. Na mwezi wa Julai mwaka huo simu ya zamani yenye uzi ndiyo iliyokuwa ya kawaida.

Nyuzi mbili za ubavuni zina habari nyingine kabisa. Hizo hazikuwa za kusemea. Zilikuwa antena za mtambo wa kujitambulisha kwa rada, yaani mtambo uliojibu mawimbi ya rada kwa namna ya kusema, "Mimi ni mwenzenu, msinipige." Zilianza kuonekana katika Spitfire kuelekea mwisho wa mwaka 1940. Baadaye mtambo huo ulibadilishwa, nyuzi zikaondoka, na badala yake ukawekwa ufito mfupi chini ya bawa la kulia.

Sasa msomaji aona jinsi uzi mmoja ulivyo tarehe. Aliyeweka uzi wa juu pamoja na alama za kikosi za mwaka 1942 amesema uwongo bila ya kujua. Na aliyeweka nyuzi za ubavuni katika ndege ya Julai 1940 amempa rubani wake kitu ambacho hakuwa nacho, labda kitu ambacho kingemwokoa.

Kijana alipofahamu hayo, tulimwambia: sasa umeijua kanuni, lakini kanuni si ushahidi. Kujua kwamba jambo lilikuwa la kawaida si kujua kwamba ndivyo lilivyokuwa katika ndege hii. Hapo ndipo elimu ya wanavyuoni wetu ilipotufaa katika kazi ambayo wao hawakuiota.

Kila mtoto wa chuoni amesikia jina la Imamu Bukhari, aliyezaliwa mwaka 194 wa Hijra na kufa mwaka 256. Wanavyuoni wa hadithi hawakutosheka kuambiwa "imesemwa". Waliuliza: Nani aliyekwambia? Naye aliambiwa na nani? Je, walikutana? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, au iliharibika katika uzee wake? Na Imamu Bukhari alikuwa mkali kupita wengi katika jambo hili, kwamba msimulizi awe amekutana kweli na yule anayesimulia kutoka kwake. Hatusemi kwamba habari za ndege ni sawa na maneno ya Mtume, sala na amani zimshukie. Hasha! Lakini mizani iliyopima dhahabu haiharibiki kwa kupimia shaba.

Basi tukapima. Shahidi wa kwanza ni picha. Watu wengi hudhani picha haisemi uwongo, ilhali picha yaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kukafahamika vibaya. Uzi mwembamba, ukipigwa picha kwa mbali, hupotea katika chembe za filamu. Asiyeuona asiharakishe kusema haukuwapo. Tena wakati wa vita wakaguzi wa serikali walikuwa wakikwangua antena za siri katika picha kabla hazijatolewa gazetini. Na kinyume chake pia chawezekana. Uzi wa simu ya zamani ulipoondolewa, mara nyingi kile kipembe cha mlingotini ulikofungwa, na kile kijiti cha juu ya usukani, viliachwa mahali pake. Mwenye haraka huviona akasema, "Huu hapa uzi." Kumbe kigingi kimebaki, mbuzi keshaondoka.

Shahidi wa pili ni ndege zenyewe zilizosalia. Iko Spitfire R6915, iliyopigana mwaka 1940 pamoja na kikosi Na. 609 ambacho nacho kilitumia kiwanja cha Warmwell. Leo imetundikwa katika makumbusho ya Imperial War Museum, London. Iko nyingine, X4590, ya kikosi hicho hicho, katika makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon. Na iko P7350, ya aina ya pili, iliyopigana mwaka huo na mpaka leo yahesabiwa katika ndege za kumbukumbu zinazorushwa na jeshi la anga la Uingereza. Hawa ni mashahidi wakubwa kwa umbo na vipimo. Lakini shahidi aliyeishi sana hubadilika. Ndege inayoruka leo haina budi kuwa na simu ya leo, ili isemezane na viwanja vya leo. Na ndege iliyofanya kazi miaka kadhaa kabla ya kuwekwa makumbushoni huenda ilivuliwa na kuvikwa mara nyingi. Mwenye kunakili antena yake ajue kwamba anaandika habari ya siku ilipotengenezwa upya, si ya siku ya vita.

Shahidi wa tatu ni maandishi. Jeshi lilichapa vitabu vya maelekezo kwa kila ndege. Cha Spitfire ya aina ya kwanza kilikuwa A.P. 1565A. Kitabu hicho chaeleza jinsi mtambo ulivyopaswa kufungwa. Tena kila kikosi kilikuwa na daftari lake, likiandikwa siku kwa siku: nani aliruka, kwa ndege Na. gani, akarejea saa ngapi, au hakurejea. Madaftari hayo yamehifadhiwa Kew, London, katika hazina ya nyaraka za taifa, katika mfululizo uitwao AIR 27, na mengi yao sasa husomeka kwa intaneti. Kitabu cha maelekezo husema ilivyopaswa kuwa. Daftari husema yaliyotokea. Picha husema ilivyoonekana. Wanapokubaliana watatu hao, moyo hutulia. Wanapohitilafiana, mwenye akili hungoja.

Wakati kijana akiyapima hayo, alikuja kwetu rafiki wa nyumba, mtu mwema na mwenye shughuli nyingi. Alitazama mezani akacheka, akasema, "Mwanangu, uzi wenyewe hauonekani! Weka au usiweke, nani atakayejua?" Kijana alimjibu kwa adabu, "Kweli, ami, pengine hatajua mtu. Lakini mimi nitajua." Mgeni wetu alinyamaza kidogo, kisha akaomba miwani yake ili aangalie vizuri.

Nasi twasema: jawabu hilo lina nusu yake nyingine. Mtume wetu ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema wa utendaji katika kila jambo, hata katika kumchinja mnyama, kwamba kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na ametufundisha kwamba ihsani ni kumwabudu Mola kama kwamba twamwona, kwani ikiwa sisi hatumwoni, Yeye atuona. Mtu aliyezoea kuuliza "nani atakayejua?" katika uzi, kesho atauliza hivyo hivyo katika mizani ya duka lake, na keshokutwa katika mali ya yatima. Na aliyezoea kuukataa uwongo mahali usipomletea hasara yoyote, huenda, kwa tawfiki ya Mungu, akaukataa mahali utakapomletea faida.

Lakini ukweli una tabia moja ambayo vijana hawana budi kuijua mapema: ukiukaribisha kwa mlango mdogo, hautakaa kizingitini. Mpwa wetu alianza kwa kutafuta uzi, akamalizia kwa kukutana na habari asiyoitafuta. Zile ndege za DH.9A, za aina iliyonunuliwa kwa mali ya Nizamu mwaka 1918, hazikuishia katika vita vya Ulaya. Katika miaka ya 1920 ndege za aina hiyo zilitumiwa na Waingereza huko Iraki, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuyatupia mabomu makabila yaliyokataa utawala wao. Na watu wa makabila hayo walikuwa Waislamu, wenye misikiti na watoto. Hatusemi kwamba ni ndege zile zile za Hyderabad. Twasema ni aina ile ile, na bendera ile ile.

Kijana alihuzunika. Alikuwa amekipenda kile kilemba katika nembo. Alituuliza kama aitupe ndege yake. Tulimwambia asiitupe, wala asiifiche habari hiyo. Spitfire za 1940 zilisimama mbele ya dhulma kubwa ya Hitler, na hilo ni kweli. Dola iliyozirusha ilikuwa yenyewe ikiwatawala watu wengine kwa nguvu, India na huku kwetu, na hilo nalo ni kweli. Mtu aliyekesha usiku akihakiki uzi wa antena kwa kuogopa kusema uwongo, hana udhuru wa kuikimbia kweli iliyo kubwa kuliko uzi. Tumeamrishwa kuwa waadilifu hata juu ya nafsi zetu, na katika nafsi zetu umo pia moyo upendao kusifu kilicho chetu.

Habari yenyewe ilisogea mpaka karibu na nyumba zetu. Kikosi Na. 152 hakikubaki Uingereza. Kilikwenda Afrika ya Kaskazini, kisha Sisili na Italia, kisha kikapelekwa India na Burma kupigana na Wajapani. Na huko Burma, mwaka 1944, ndiko walikokuwako askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa K.A.R. kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaangusha, mpaka wakauteka mji wa Kalewa mwezi wa Desemba mwaka huo. Wengi wao lugha yao ya jeshini ilikuwa Kiswahili hiki tukiandikacho. Katika safari ile chakula chao na dawa zao mara nyingi zilitoka angani, na aliyezilinda ndege za mizigo ni ndege za vita kama hizi.

Sasa tazama ajabu hii. Kipembe cha mlingoti cha Spitfire, kisichozidi kidole, kimeandikiwa vitabu. Mtu aliye Mombasa au Unguja aweza kukijua kilivyokuwa Julai na kilivyokuwa Desemba. Lakini babu zetu waliobeba simu za upepo mgongoni katika msitu wa Burma, walizungumza nini katika simu hizo? Walifunga antena zao juu ya mti gani, nazo zilipolowa walizikaushaje? Walisalije, na Ramadhani iliwakuta wapi? Walioulizwa maswali hayo ni wachache, na waulizwaji wengi wamekwisha kurejea kwa Mola wao. Tofauti haikuwa kwamba habari za wale zilikuwa na thamani na za hawa hazikuwa nayo. Tofauti ni kwamba kwa wale alipatikana mtu wa kuuliza mambo madogo na kuyaandika.

Hili ndilo twalotaka vijana walichukue katika maneno yetu yote. Si lazima kila mmoja aunde ndege. Lakini kila nyumba ina mzee, na kila mzee ana jambo ambalo yeye ndiye shahidi wake wa mwisho: jinsi jahazi lilivyoshonwa, jinsi kisima kilivyochimbwa, nani alijenga msikiti wa mtaa na chokaa ilitoka wapi. Mwendee kwa heshima, mpe shikamoo yake, keti chini, uliza dogo dogo. Usimwulize tu "Zamani ilikuwaje?" kwani swali pana hupata jawabu pana. Muulize kamba ilikuwa ya nini, ilifungwa wapi, nani aliifunga, naye alijuaje. Kisha andika jina lake na siku aliyokwambia, na utenganishe aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa wengine. Asipojua, andika kwamba hakujua, wala usimjazie. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, hakuona haya kuwajibu watu waliomjia kutoka mbali kwa neno moja, "Sijui."

Ama ndege ya mpwa wetu, mwisho aliamua kwa njia iliyotupendeza. Hakutaka kuchagua ndege ya vuli, siku za mabadiliko, akabahatisha. Alichagua ndege ya kikosi Na. 152 kama zilivyokuwa katika siku za kwanza za Warmwell, Julai 1940, wakati ambapo mashahidi wake wanakubaliana juu ya uzi mmoja wa juu, wala hapana nyuzi za ubavuni. Uzi wenyewe aliutengeneza kwa kijiti cha lile kasha: alikipasha moto juu ya mshumaa mpaka kikalainika, akakivuta taratibu kwa mikono miwili kikawa chembamba kama utando wa buibui, akakikata, akakibandika kwa tone la gundi lililochukuliwa kwa ncha ya sindano. Mara saba ulikatika. Mara ya nane ulishika.

Chini ya ndege aliweka kadi ndogo. Upande mmoja ameandika jina la kikosi, mwezi na mwaka, na mashahidi wake mmoja mmoja: hiki nimekitoa kitabuni, hiki pichani, hiki daftarini. Upande wa pili ameandika habari ya Hyderabad na habari ya Iraki, zote mbili, kwa wino mmoja. Wageni wachache huigeuza kadi. Wanaoigeuza hukaa zaidi.

Enyi wazazi, mkimwona mtoto wenu ameshughulika na jambo dogo na akataka kulijua kwa hakika, msimkemee kwamba apoteza wakati. Mfundisheni kuuliza vizuri, na mwoneni anapongoja ushahidi kama mnavyomwona anapohifadhi sura. Tumeamrishwa katika Surati Al-Hujurati tuihakiki habari itujiayo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikushuka kwa ajili ya nyuzi za ndege. Lakini siku hizi, ambapo simu ya mfukoni humletea kijana habari mia kabla ya adhuhuri, naye kwa kidole kimoja huzituma kwa watu elfu, twaona ni heri awe amekwisha kuizoea mezani kwake, katika jambo lisilomdhuru mtu, kabla hajajaribiwa nayo katika heshima ya jirani au damu ya Mwislamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuseme tulijualo, tunyamaze tusilolijua, na tuwaulize wazee wetu kabla hatujawakosa. Amin. Wabillahi tawfiki.